Mashine Uliyoiamsha

Nafula mwanangu,

Nimekasirika. Naanza na hilo ili usidhani unasoma barua ya mzee anayelia kwa sababu binti yake anaondoka. Huenda nitalia pia, lakini hiyo ni ya kesho. Leo nimekasirika. Tangu jana sijakusemesha, na wewe umekuwa ukizunguka humu ndani ukikunja nguo kimya kimya, kama mgeni kwenye nyumba ya wenyewe. Sasa umekwenda Masafu kumuaga shangazi yako. Nimevuta kiti mpaka mlangoni penye mwanga, nimechukua kalamu.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika nilipokuwa nasoma kwa wajomba, ng'ambo ya mpaka, Kenya. Kisamia changu ni cha mdomo. Na mdomo wangu unaujua, nikikasirika unajifunga.

Jana nilikuwa napalilia muhogo kule chini nilipoisikia. Mwanzo ilikohoa. Nikajiambia ni pikipiki ya mtu. Ikakohoa tena, halafu ikashika, ile tu-tu-tu yake nzito, na mwili wangu ukaijua kabla ya kichwa. Niliacha jembe limechomekwa ardhini. Sikumbuki nilivyovuka shamba la Mzee Ojiambo. Nadhani nilikanyaga maharage yake.

Mashine ya kupukuchulia mahindi. Mashine iliyomuua mama yako. Imekaa kwenye banda la Ojiambo, mwenyekiti wa kikundi chetu, tangu mwaka ule, imefungwa mnyororo, kuku wanataga chini yake. Na mbele yake nikakuona wewe, mikono myeusi kwa oili, akina mama wa kikundi wamekuzunguka kama wako harusini.

Nilisema neno moja tu. "Zima."

Ukanyoosha kidole. Kidole kimoja, Nafula. Ukasukuma kile kishikio kidogo kilicho ubavuni mwa injini, kile ulichokipaka rangi nyekundu ya kucha, na ikanyamaza.

"Nani amekupa ruhusa?" nikakuuliza.

"Baba, wamama ndio waliniita."

Mama Taaka akajitia katikati yetu, unamjua. "Baba Nafula, usigombeze mtoto. Mimi ndiyo nilimuita. Hii mahindi yangu nani atapiga? Vijana yote iko Malaba nabeba mizigo. Wewe utakuja kunipigia?"

"Nitakuja."

"Na hiyo kiuno yako? Utapiga gunia moja, halafu sisi tubebe gunia na wewe juu yake!"

Wakacheka. Wewe pia ulicheka kidogo, ukajizuia. Nikageuka nikaondoka, na nyuma yangu nikamsikia Mama Taaka akisema, sasa kwa sauti ya chini, "Muache. Muache aende."

Umedhani nimekasirika kwa sababu uliigusa. Ndiyo, hilo lilinichoma. Lakini usiku nililala macho wazi, na si mashine niliyokuwa naiona. Nilikuwa nakiona kile kidole.

Ngoja nikueleze kuhusu Nekesa, mama yako, kwa sababu ulikuwa mdogo na nadhani unachokumbuka zaidi ni mazishi.

Zamani, kabla ya mashine, tulipura mahindi kwa fimbo, hapa hapa uani. Watu wawili wanasimama wakitazamana, rundo katikati, wa huku anapiga, wa kule anainua. Punje nyingi hubaki kwenye rundo, lakini nyingine huruka. Zinaruka mbali, zinaingia kwenye majani, zinagonga ukuta. Hizo zilizoruka hazikuwa zangu. Kwetu hapa za kwenye rundo ni za nyumba, na zilizoruka ni za mwanamke anayeokota. Hakuna anayemuuliza amezipeleka wapi. Chumvi yenu ilitoka humo. Kalamu zako za shule zilitoka humo, na ile sweta ya kijani uliyokataa kuivua hata jua likiwa kali.

Na hakusubiri tumalize. Ukisubiri, kuku na watoto wa jirani wanakuwahi. Aliokota huku tunapiga. Aliingia na ungo wake mdogo kati ya fimbo inayoshuka na fimbo inayopanda, akachota, akatoka, na fimbo yangu ikatua pale ulipokuwa mkono wake. Hakuwahi kuguswa. Alikuwa na namna ya kutikisa kichwa taratibu, kama anayekubaliana na jambo, akihesabu mapigo yetu bila kutaja namba. Mgeni akituona alishika kichwa. Sisi tulikuwa tunapiga soga. Wakati mwingine alikuwa humo ndani kabisa akiniambia, "Wandera, suruali yako imepasuka nyuma, usiiname mbele ya mjomba."

Huyo ndiye ambaye watu wa mradi walikuja kumletea mashine.

Sisemi mashine ni mbaya. Nilisema hivyo miaka mingi, kwa sababu ni rahisi kuchukia chuma. Viganja vya mama yako vilikuwa vinachanika kila msimu mpaka hawezi kukunja vidole. Alipoona mahindi yanaingia juu na punje zinamwagika chini, safi, alipiga kigelegele. Aliitaka kuliko mimi. Usiruhusu mtu akwambie kwamba mama yako alikuwa mtu wa kale asiyetaka mambo mapya.

Lakini walivyoileta, Nafula. Walivyoileta!

Walisema kila kikundi kitoe mtu mmoja wa kufundishwa, awe anajua kusoma Kiingereza. Tukamtoa Egesa. Alikwenda akalala mjini, akala vizuri, akarudi na fulana na cheti. Halafu wakaja hapa na gari, yule bwana wa mradi na mpiga picha. Tukakalishwa kwenye mabenchi ya kanisa. Wanawake walikaa nyuma chini, kwenye nyasi. Bwana akazungumza muda mrefu, Egesa akazungusha ule mkono wa chuma, mashine ikawaka, tukapiga makofi. Bwana akauliza, "Mmeelewa?" Tukajibu "Ndiyooo!" kama watoto wa chekechea. Nami nilijibu. Nilikuwa sijaelewa kitu. Lakini ungeanzaje kusema hujaelewa, mbele ya mgeni aliyekuletea kitu cha bure? Kwetu hiyo ni kumtukana. Tukasema ndiyo, naye akaandika ndiyo, akapanda gari.

Hakuna aliyeuliza kazi hii hapa inafanywaje. Hakuna aliyeuliza nani anapiga, nani anaokota, na kilichookotwa ni cha nani. Kama angekaa asubuhi moja tu kwenye uwanja wowote wa kijiji hiki, angemuona mwanamke akiingia chini ya fimbo. Angejua huyo mwanamke ataingia na chini ya mkanda wa mashine.

Mashine ile nayo ilirusha punje, na ilizirusha zaidi upande wa mkanda, ule mkanda mrefu unaotoka kwenye injini, uliokuwa wazi, hauna kifuniko. Na ilitoa vumbi kuliko fimbo, kwa hiyo wanawake wakaanza kujifunga lesu shingoni na mdomoni. Mambo mawili madogo. Hakuna aliyeyaona kuwa ni mambo.

Siku ile dizeli ilikuwa inakaribia kwisha. Egesa akakimbia senta, kule madukani, kununua nyingine. Aliiacha inaunguruma, kwa sababu ukiizima ni lazima uizungushe tena kwa ule mkono wa chuma, na ulishawahi kumpiga karibu umvunje. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Unamuona mwenyewe alivyo, mpaka leo akinikuta njiani anashuka kwenye baiskeli.

Mama yako alikuwa pembeni na ungo wake. Nilimuona anatikisa kichwa. Tu-tu-tu-tu. Alikuwa anaisikiliza mashine kama alivyotusikiliza sisi, anatafuta ile nafasi yake ya kuingia. Nikatabasamu, maana nilijua kichwa kile. Fimbo, mwanangu, ina mtu anayeishika, na mtu ni lazima avute pumzi. Chuma hakivuti pumzi. Ile nafasi haikuwepo. Nani alimwambia haipo?

Sitaandika lesu ilivyoshikwa. Nitaandika kilichofuata, kwa sababu hicho ndicho kiini cha hasira yangu.

Tulipiga kelele, "Zima! Zima!" Kila mtu alimwambia mwenzake zima. Uwanja umejaa watu wazima, wanaume wenye nguvu zao, na hakuna hata mmoja aliyejua kuizima. Mmoja alimwagia injini maji. Ojiambo aliipiga kwa gogo. Mwingine alisukuma mpini wa jembe kwenye mkanda, ukarushwa kama njiti ya kiberiti. Mimi nilikimbia nikachukua panga, nikakata lesu, nikamtoa. Nikakaa naye chini. Na mashine ikaendelea. Nimempakata mama yako, naye anajaribu kuniambia kitu, na simsikii, Nafula, kwa sababu ya kelele ile. Iliendelea mpaka dizeli yake ilipokwisha. Iliponyamaza, naye alikuwa amenyamaza.

Sijui alisema nini. Nimeishi na hilo. Huenda ilikuwa suruali yangu. Huenda ilikuwa wewe.

Na jana ukaizima kwa kidole. Sasa unaelewa kwa nini sikuweza kukusemesha? Miaka yote hii nilidhani kukizima kitu kile ni kazi kubwa ya kitaalamu, ndiyo maana tulishindwa. Nilikuwa nimejipoza kwa hilo. Kumbe ni kishikio cha ukubwa wa kijiko. Kumbe mtoto angeweza. Kumbe ungeweza wewe siku ile, na sare yako ya shule, kama mtu mmoja tu angetumia muda wa kunywa kikombe cha chai kuwaonyesha waliokaa kwenye nyasi. Walitufundisha kuiwasha! Walikuja na gari lile lote kutufundisha kuiwasha!

Bwana wa mradi alikuja mazishini. Alileta sukari na mchele, sikatai, tulipika watu wakala. Wakampa nafasi aseme. Akasema maneno ya kufariji, kisha akasema ni muhimu sisi wakulima tujifunze kufuata maelekezo, kwa sababu teknolojia haitaki uzembe. Jeneza la mama yako liko mbele yake. Nilisimama. Watu hawajawahi kuniona nikisimama bila kuitwa. Nikamuuliza, "Maelekezo yapi?" Akatazama simu yake. Nikauliza tena, "Bwana, nakuuliza wewe, maelekezo yapi, alipewa na nani, kwa lugha gani?" Babu yako mdogo akanivuta koti. "Kaa, Baba Nafula. Usiharibu mazishi." Nikakaa.

Nilikosea kukaa. Nimefanya makosa mengi maishani, nimeuza ng'ombe vibaya, nimemwamini mtu wa forodhani aliyenidanganya mchana kweupe, lakini nikiyapanga yote, lile la kukaa ndilo linaloniamsha. Baadaye nilisikia kwamba kule kwao waliandika kuwa wakulima wa upande huu ni wagumu kupokea mashine. Wagumu! Waliandika hivyo kuhusu mwanamke aliyepiga kigelegele.

Na bado wanasema. Juzi tu kwenye redio mtu alikuwa anasema vijana hawapendi kilimo, wamekimbilia kubeba magunia mpakani, tuwaletee teknolojia watarudi. Waletewe na nani? Wafundishwe kwa namna gani? Yule kijana wa Mama Taaka anayesukuma mizigo Malaba aliwahi kuomba Egesa amfundishe mashine ile. Akaambiwa hana cheti. Basi akaenda mahali ambapo mgongo wake ndio cheti.

Sasa wewe. Unakwenda Tororo kwenye karakana, wakufanye fundi, halafu wakutume na mashine zao vijijini, Paya, Rubongi, kote huko. Uliponiambia mara ya kwanza nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Nilikuwa najiuliza, binti wa Nekesa atakuwa ndiye anayeshuka kwenye gari? Atauliza "Mmeelewa?"

Mambo ya kula na kulala shangazi yako amekwisha kukuambia, naye anayajua kuliko mimi. Mimi nina haya machache tu, na unisamehe yakitoka kwa ukali.

Usiwaamini wanaokupigia makofi. Sisi tunapiga makofi kwa adabu. Mtu akikwambia ameelewa, mpe chombo mkononi akuonyeshe, na akikosea usicheke, na mwenzake akimcheka mkazie macho kama mama yako alivyokuwa akinikazia mimi. Wale Wajopadhola wa huko uendako hutajua lugha yao mwanzoni. Usijifiche kwenye Kiingereza ukamtafuta yule mmoja anayekijua. Kaa kwenye nyasi. Mashine ibaki kwenye gari. Waambie wafanye kazi yao kama walivyozoea, nawe utazame mikono, utazame hasa anayezunguka pembeni ambaye hakuna aliyemtaja, kwa sababu huyo ndiye mashine itakayemkuta kwanza. Muulize ni kipi katika kazi hii ni chake, na mashine ikija atakipata wapi. Ukiona wakubwa wako wana haraka, waache wawe na haraka. Wakikwambia kikundi hiki ni kigumu, waulize nilivyouliza mimi. Na ukivutwa koti, mwanangu, usikae.

Kuna jambo nililiona jana na sikulisema, kwa sababu lingenivunja mbele ya wale wanawake. Niliuona ule wavu wa chuma uliofunika mkanda. Uliupata kwenye kitanda chetu kibovu kilichokuwa kinaota kutu nyuma ya nyumba. Niliutambua pale ulipokuwa umepasuka, nilipoufunga kwa waya mwaka uliozaliwa wewe, mama yako akinishikia taa na kunicheka kwamba nafunga waya kama nafunga mbuzi. Umeuchomelea vizuri. Mkono haupiti, lesu haipiti, niliuangalia hata wakati nakugombeza. Tena umeweka ubao unaoteleza ili punje zilizoruka zitokee upande wa pili, mbali na mkanda, zidondoke kwenye ungo. Nilimuona Mama Taaka ameweka ungo wake pale tayari, hakusubiri mtu amwambie.

Ungeniambia. Hilo ndilo kosa lako katika haya yote, na bado nina hasira nalo. Ungenijia ukasema, Baba, nataka kuifungua. Ningekataa. Ungeniambia tena. Mimi ni baba yako, si bwana wa mradi; mimi unaweza kunirudia mpaka nikubali.

Barua hii naiweka juu ya begi lako. Isome leo, usiisome ukiwa Tororo. Kesho, mwambie yule wa pikipiki atusubiri barabarani, tupitie kwanza kwa Ojiambo. Nitamwomba radhi kwa maharage. Mwite Mama Taaka, waite na wale watoto wanaoshinda wakicheza pale bandani, na Egesa kama atakubali kuja. Iwashe wewe. Kuiwasha mimi sitaki kujua, nina kiuno kibovu, imeshasemwa mbele ya watu.

Halafu chukua mkono wangu, uweke kidole changu kwenye kile kishikio chekundu. Nataka kuizima mwenyewe. Nikishaizima, iwashe tena, aizime Mama Taaka, kisha watoto mmoja mmoja, mpaka mdogo kabisa. Pikipiki itasubiri.

Ni mimi baba yako, niliyekasirika na kukupenda,

Wandera